Zuhura, ukungu na pumzi za akina Bi Tatu

Siamini, na leo sitaki mtu anisaidie kuamini.

Zuhura amefariki. Director wangu, jirani yangu wa Mafiga, rafiki aliyeniita "Sista" kwa sababu tu nilisomeshwa na masista. Moyo wake, ule aliozaliwa nao ukiwa na kasoro, ulisimama juzi alfajiri. Jana tumemzika.

Mnaotufuata hapa mnajua tulikuwa tunatengeneza filamu. Yeye anaongoza, mimi narekodi sauti na kufanya editing. Ni hadithi ya bibi anayemwota marehemu shehe wake, kisha anapanda milima ya Uluguru peke yake kulitafuta kaburi lake. Basi. Hakuna mapenzi, hakuna bunduki.

"Ni filamu ya mtu anayetembea mpaka anaacha kujiona," aliniambia siku ya kwanza.

Nikamuuliza tutampigaje picha mtu wa namna hiyo.

"Ndiyo maana nimekuchukua wewe wa sauti."

Alipanda mlima polepole kuliko bibi mwenyewe. Jiwe hadi jiwe, mkono kifuani, anatabasamu kama mtu anayesikia wimbo kutoka chumba cha pili. Ukimhurumia anakuwahi: "Twende, Sista. Mimi napanda kwa pumzi, si kwa miguu."

Siku moja tulikutana na mama wa Kiluguru anateremka na tenga la kabichi kichwani. Tukamwamkia. "Marahaba. Mnatafuta nini huku, wanangu?"

Zuhura, uso mkavu kabisa: "Tunamtafuta Mungu, mama."

Mama akaitazama kamera, akavitazama viatu vyetu. "Mngemuulizia hukohuko mjini. Huku juu kuna kabichi tu."

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Yule mama yumo kwenye filamu.

Halafu ile siku ya ukungu.

Bi Tatu, aliyecheza kama yule bibi wetu, si mwigizaji. Ni mwanatwarika wa mtaani kwetu, mtu wa njia ya Kisufi, na shoga zake wa twarika ndio waliopanda naye kwa ajili ya scene ya mwisho: bibi anafika, anakuta wanawake kwenye zikri, anaingia katikati yao. Zuhura alitaka kipande kifupi tu. Akasema "Action." Wakashikana mikono, wakaanza. Jina la Mungu likawa linatoka vifuani mwao kama upepo unaopita kwenye majani ya migomba.

Ukungu ukashuka. Mpiga picha akasema, "Boss, sioni kitu."

"Cut!" Zuhura akaita.

Hakuna aliyeacha.

"Cut, jamani!"

Wapi! Pumzi zinaingia, pumzi zinatoka. Kila kitu kikawa cheupe. Mti wa mbele yangu ulipotea, Zuhura akapotea, mikono yangu mwenyewe ikawa kama ya mtu mwingine. Kamera iliishiwa betri. Kinasa sauti changu kiliendelea, na mimi, Mkatoliki wa Mgeta, nikagundua ninapumua pamoja nao.

Walimaliza kwa dua na Fatiha. Ndipo Bi Tatu akageuka: "Unatupigia kelele za nini, mwanangu?"

"Nilisema cut, Bi Tatu. Maana yake muache."

"Kwani ni bomba la maji hili? Zikri ikifunguliwa haiachwi njiani. Inafungwa kwa dua, ndiyo watu wanakwenda zao."

Zuhura akacheka, kile kicheko chake cha kukosa pumzi, ndani ya ule weupe.

Wiki iliyofuata alivaa headphones zangu, akafumba macho. "Hapa ndipo bibi yangu anafika," akanong'ona. "Acha skrini iwe nyeupe. Wasikie tu." Tukakubaliana pumzi zififie taratibu, dua tusiiweke, filamu ibaki wazi.

Producer wetu wa Dar hakutaka. "Watu watadhani projekta imekufa. Toeni hiyo, wekeni drone shot ya mlima."

"Drone itauona mlima," Zuhura alimjibu. "Aliyefika haitamwona."

Walibishana mpaka akaugua. Voice note yake ya mwisho kwangu, kutoka hospitali, ni fupi, pumzi nyingi, maneno machache: "Sista, usikubali chochote mpaka nirudi."

Hukurudi, Zuhura.

Jana wanaume walipoondoka na jeneza, sisi tukabaki mkekani nyumbani kwenu. Bi Tatu alisogea, akakaa ubavuni mwangu. Kisha akauliza, "Na ile yetu ya mlimani mmeifanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba umeniachia nisubiri, kwamba mwenye drone anasubiri, kwamba mwisho wetu hauna dua.

"Hauna dua?" Akanikazia macho mekundu ya kulia. "Mmetuacha palepale tunahema mpaka leo?"

"Ndiyo, Bi."

"Basi usimsubiri tena, mwanangu. Mfungie mwenzio."

Asubuhi hii nimefungua ile sauti. Nimemwandikia producer: skrini itabaki nyeupe, zikri itabaki nzima, na kama hataki, atafute editor mwingine wa kuigusa. Bado hajajibu. Sawa tu.

Ila jambo moja nimelibadilisha bila ruhusa yako. Dua nimeirudisha. Na baada ya dua sikuzima. Nimeacha Bi Tatu akugombeze kuhusu bomba la maji, na wewe ucheke. Hicho kicheko ndicho sauti ya mwisho ya filamu yako. Huonekani popote. Umejaa kila mahali.

Tutaionyesha siku ya arobaini yako, uani kwenu, kwenye shuka jeupe. Akina Bi Tatu watakaa mbele.

Lala, dada yangu. Hakuna mlima tena wa kupanda jiwe kwa jiwe. Lala salama, umefungiwa kwa dua.