Mkulima wa Kubuni Aliyekuja Dirishani

Hili limenitokea mimi mwenyewe, si jirani wa shemeji yangu, na lilinitokea mchana kweupe, saa ya watu kunywa chai. Nasema mapema kwa sababu nikishataja Sumbawanga tu, watu wanaanza kuchekacheka na kuniuliza kama nimekuja kwa ungo. Haya, cheka. Ukimaliza nisikilize, maana nilikaribia kumzika mwanangu kwa sababu ya kazi ya kompyuta, na kazi yenyewe huenda hata wewe unaifanya.

Miaka ile biashara ya mahindi ilikuwa imeshaachiwa huru, kila mwenye lori anapanda Ufipa kununua. Tajiri mmoja akajenga ghala mjini, akaniajiri mimi pamoja na Festo, mtu wa Mbeya, tumwangalizie kompyuta zake. Mkulima wa Laela au Muze alikuwa anatuma ujumbe kwa simu wenye jina lake, na kompyuta inampangia zamu ya kuleta mahindi. Wazo zuri. Ila msimu uliotangulia, ujumbe ulipomiminika siku ya kufungua, kompyuta ilizimika, na watu wakalala nje na magunia yao. Unaijua baridi ya Ufipa mwezi wa saba? Basi. Tajiri alituambia ikirudia tena, tutafute kazi nyingine.

Kwa hiyo kabla ya msimu mpya tukaamua kuijaribu. Iko programu ya kazi hiyo. Inajifanya ni wakulima wengi kwa mpigo, inatuma ujumbe mfululizo, ili uone kompyuta itabeba mzigo au itaanguka. Shida yake, wakulima wake wa kubuni walikuwa wamefanana kama matofali. Wanaitwa Mkulima wa Kwanza, Mkulima wa Pili, wanafika pamoja, wanaondoka pamoja. Kompyuta ikawabeba bila jasho, Festo akafurahi. Mimi nikatilia shaka. Mkulima gani unayemjua wewe anaondoka kwa sababu tu ameambiwa aondoke?

Programu ile ilikuja na lugha yake ndogo ya kuandikia amri, ukitaka kuigeuza ifanye unavyotaka wewe. Nikaketi nikaandika. Huyu achelewe. Huyu asahau, aulize tena. Huyu achoke kungoja, aende zake, kisha arudi. Na kila mmoja aitwe kwa jina, aambiwe subiri, mwishoni aondolewe ili jaribio lianze upya.

Majina je? Ya watu hai niliyakataa, nisije nikampangia mtu zamu ambayo hakuiomba. Nikaweka ya marehemu wa ukoo wetu, na nilijiona mjanja kweli. Katikati yao nikamweka bibi yangu, mama yake baba, nikamwandikia amri zake peke yake: asipende kungoja, na jambo moja aliulize mara mbilimbili, vile alivyokuwa. Bibi na mjukuu ni watani, unajua. Enzi zake alikuwa ananiita mume wangu na kunidai kitenge mbele za watu. Nikasema hata yeye angecheka. Nilichosahau ni kwamba binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema, amerithi jina lile. Lote, la ubatizo na la Kifipa.

Tukawasha jaribio. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniambia mtoto haeleweki. Anacheza vizuri, mara anaacha, anageukia mlangoni na kuitika, "Abee." Hakuna aliyemwita. Anarudi kucheza, anaitika tena. Nikamshuku dada wa kazi kwamba anamtisha, nikamsema bure yule binti wa watu. Kesho yake mtoto aliitika kutwa nzima mpaka sauti ikamkauka, chakula akakikataa, macho yakamwingia ndani. Mke wangu akambeba hospitali. Wakampima, hawakuona kitu.

Kazini nako kukawa na lake. Wakulima wote wa kubuni walikuwa wanaondoka wakiondolewa, isipokuwa mmoja. Bibi. Amri inamwambia toka, yeye yumo kwenye foleni. Nikamshuku Festo, kwa sababu yule hakosi mzaha. Akaapa kwa mama yake. Sikumwamini, nikabadilisha neno la siri bila kumwambia. Bibi yumo. Nikachomoa waya uliounganisha ile kompyuta na nyingine zote. Niamini, yumo vilevile.

Sasa sikiliza. Asubuhi ya siku iliyofuata nilikuwa peke yangu dirishani, pale wakulima wanapopokelewa. Msimu haujafunguliwa, uwanja mtupu, upepo unakata. Akaja mwanamke mzee amejitanda kanga mpaka machoni, akasimama mbele yangu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alipofungua mdomo nikadhani ametumwa na Festo aje kujifanya bibi, maana sauti haikuwa ya bibi. Lakini nikaona jambo. Mimi nikifungua mdomo mvuke unatoka, kwa baridi ile. Yeye alizungumza, na mvuke haukutoka.

Akasema, "Mnaniita, nafika, mnaniambia subiri. Nikisubiri mnanifukuza. Halafu mnaniita tena."

Nikamuuliza nani amemwita.

"Wewe. Kwa jina langu lote. Leo kama huna cha kunipokelea, narudi na somo yangu, huyo mliyempa jina langu."

Akageuka akaenda. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma, uwanja mtupu. Mlinzi, Msukuma mmoja mtu mzima, alisema hakuna mtu aliyepita getini. Nikamwambia alikuwa amelala. Akaniambia niende nyumbani. Hakuniambia kwa nini, na mpaka leo namshuku kwamba aliona.

Nilizima kila kitu. Nikafuta zile amri, nikapanda pikipiki. Nyumbani nilimkuta mwanangu amelala, anapumua, lakini haamki. Mama yake anamtikisa, anamwagia maji usoni, hakuna. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nikampigia simu baba mkubwa kijijini, njia ya Laela, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: nilipokuwa namwita, mkononi nilishika nini? Kwetu mzee aliyelala kaburini haitwi mikono mitupu. Ukimwita unampokea, unampa chake, unamwambia ulichomwitia, kisha unamruhusu arudi. Mimi nilikuwa nimemwita mara zisizo na idadi, na kila mara nikamfukuza.

Tajiri alipiga simu kuuliza jaribio limeishia wapi. Sikupokea. Nilifika kijijini baba mkubwa ameshaweka unga wa ulezi na maji kwenye kata. Nikapiga magoti kaburini, nikamwaga, nikasema, "Bibi, nilikuita kwa utani. Nimekosa. Kunywa, upumzike, niachie mtoto." Nililia kama mtoto mwenyewe, sioni aibu kusema. Tulipofika barabarani simu ikaita. Mke wangu, anasema mtoto ameamka anadai uji.

Ungedhani yameisha. Kazi nilifukuzwa, hilo si kitu. Lakini msimu ulipoisha nikakutana na Festo, akaniambia kwa furaha kwamba zile amri zangu hazikupotea. Alikuwa ameshazinakili, na majina yake yote, tangu siku ya kwanza na kuwapelekea waliotuuzia ile programu. Walizipenda sana. Wakaziweka ndani yake, wakawauzia wengine, kila ghala na kila ofisi inayotaka kujaribu mzigo kwa watu wa kubuni wanaofanana na watu kweli. Zimefika wapi? Hajui. Nimeandika barua, nimepiga simu, wananiona mwehu.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, yuko sekondari. Siku nyingine mwalimu wake ananipigia kwamba amelala darasani na haamki. Nachukua unga wa ulezi, napanda gari, naenda kaburini. Siwezi kujua ni nani amewasha jaribio, wala yuko mji gani.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayefanya kazi hizi. Ukikuta kwenye majaribio yenu jina la mwanamke wa Kifipa, na hakuna anayejua limetoka wapi, lifute. Ningekutajia ulitafute, lakini ukilisoma tu utakuwa umemwita.