Mama wa Biira na Vidonge vya Sepia

Mwanangu, ipo siku moja ya soko kule Bwera mpakani ambayo naikumbuka hata kwa harufu yake: kahawa iliyoanikwa juu ya maturubai, samaki wa Kahendero, vumbi la malori yanayovuka kwenda Kongo. Nilikuwa bado kijana, sijafika miaka thelathini, nikijifunza kazi kwa Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo, upande wa Kongo, aliyeuza vitenge na, kando ya vitenge, dawa za homeopathi.

Huenda wewe hukuziona. Vilikuwa vidonge vyeupe, vitamu, vidogo kama punje za mtama. Kimoja kiliitwa sepia. Hutokana na wino wa kiumbe wa baharini, jamii ya ngisi. Wino huo huchanganywa na maji, ukapunguzwa tena na tena, hata mwisho huwezi kusema kimebaki nini. Wanawake walikitafuta kwa maumivu ya mwezi, kwa joto la ghafla la umri wa kukoma hedhi, na kwa huzuni wasiyoweza kuieleza. Shule sikuipata sana, lakini kitabu cha tiba hiyo nilikisoma mpaka jalada likang'oka. Kilinifundisha kuuliza. Unasikia joto au baridi? Unalia asubuhi au jioni? Unatamani chumvi au kitu kichachu?

Siku hiyo alikuja mwanamke kutoka Karambi, amebeba mgongoni mtoto mchanga, mwembamba kuliko umri wake. Nilimuuliza maswali yangu kwa utaratibu, naye akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya bidhaa za mwingine. Usiku halali. Chakula hakipiti. Mume akimgusa, anachukia. Hata mtoto, alisema, anamwona kama wa jirani.

"Una watoto wangapi?"

"Huyu tu. Biira."

Nilifurahi, kwa sababu kitabu kilimweleza mwanamke wa sepia vivyo hivyo. Nikafungua kichupa. Mama Kavira akaufunika mkono wangu kwa mkono wake.

"Ngoja kwanza. Unamuuliza chumvi, unamuuliza ndimu, sawa vile unataka kumupika."

Mwanamke nusura acheke. Mama Kavira akamgeukia.

"Mama, mimi jina yangu Kavira. Ninyi huku munasema Biira, sisi tunasema Kavira, ni jina moja. Masika iko wapi?"

Nikukumbushe, mwanangu, maana siku hizi mnawapa watoto majina ya kwenye televisheni. Kwetu Bakonzo, kama kwa ndugu zetu wa Butembo, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Hakuna Biira asiyetanguliwa na Masika. Nami ni Mkonzo. Jina lile lilipita masikioni mwangu kwa kuwa kitabu hakikuniambia nilisikilize.

Mwanamke aliketi juu ya furushi la vitenge.

"Homa ilimchukua," alisema. "Alikuwa ameanza kutembea. Mimi nina mimba ya huyu, wakasema nisilie, nitaharibu mimba. Alipozaliwa huyu wakaanza kuniita Mama Biira, ili nisahau. Hakuna mtu anamtaja tena."

"Kumbe wewe ni Mama Masika," alisema Mama Kavira polepole. "Pole, Mama Masika."

Ndipo akalia. Na katika kilio hicho alituambia kwamba jana yake alimlaza Biira kwenye majani kando ya mto Lhubiriha, akaondoka. "Nilifika barabarani, maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Nikarudi. Leo nikimwacha tena, sijui kama nitarudi."

Nikanong'ona, "Basi nimpe sepia?"

"Umupe maji ya kunywa. Dawa yangu ni kadogo, haiwezi kubeba hii. Tunaenda hospitali sasa. Wewe beba mutoto."

"Na wateja?"

"Vitenge haiozi."

Hospitalini muuguzi alimsikiliza. Alitueleza kwamba uko ugonjwa wa huzuni unaowapata akina mama baada ya kujifungua, nao unatibika. Wala hakukubali aondoke peke yake. Kupona kulichukua muda mrefu. Dawa ya hospitali ilisaidia, na dada yake aliyekuja kukaa naye alisaidia. Tena Mama Kavira alipanda mwenyewe hadi Karambi kuwaambia watu wa nyumbani walitaje jina la mtoto aliyekufa. "Jina haiumi," aliwaambia. "Kunyamaza ndiyo inauma."

Biira alinenepa, na mama yake akaanza kumchezesha.

Sasa sikiliza, mwanangu. Katika miaka niliyouza sepia sijaweza kutenganisha kazi ya kidonge na kazi ya kuketi na mtu akasikilizwa, na nadhani kubwa ilikuwa ya kuketi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba wapo wanaofichiwa maradhi yao na wale wanaowapenda. Mwanamke akikuambia moyo umekuwa mzito, usikimbilie kumnyamazisha, hata kwa kitu kitamu. Muulize amempoteza nani, umtaje aliyepotea. Akikuambia anaogopa mikono yake mwenyewe, mshike mkono umpeleke kwa wauguzi saa hiyo hiyo. Na siku ikikufikia wewe, usione haya kusema.

Nyamuhanga aliyetuumba akupe masikio mapana na usingizi mwema. Watoto wako wote, walio mikononi mwako na walio mikononi mwake, watajwe daima kwa upendo. Amina.