Wakili Asiyeingia Barazani

Nikimkumbuka yule wakili, moyo bado unanienda mbio. Shule yangu ni ya darasa la nne, na sijui kama nitamwandika alivyostahili. Wenye kesi kubwa za Lindi wangeweza kusema mengi zaidi. Mimi niliona kesi moja tu, ya mama yangu mdogo.

Wakili huyo alikuwa Mhindi mzaliwa wa Lindi, Kiswahili chake cha pwani hasa. Mara kwa mara alipanda lori mpaka Kilwa Kivinje, akakaa kwenye kibaraza cha rafiki yake na kuwasikiliza watu bure. Enzi zile za Mwingereza wakili hakuruhusiwa kusimama mbele ya liwali, aliyekata mashauri barazani. Kila mtu alijisemea mwenyewe. Basi yeye akaona kazi yake ni kutufundisha kusema.

Mama mdogo alikuwa ametoka edani. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alilitaka shamba la Kinjumbi pamoja na minazi yake. Ardhi ilikuwa ya ukoo wao, hilo halikuwa na ubishi. Lakini minazi aliipanda mama mdogo, na kwetu mti ni wa aliyeupanda hata kama ardhi si yake. Akiikosa, hana tena cha kumlisha. Shemeji hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Miche ilitoka kwa marehemu ndugu yake, naye aliamini kweli kwamba hiyo yatosha.

Pale kibarazani wakili akajifanya liwali, mimi nikafanywa shemeji.

"Bibi, minazi hii ya nani?"

"Ya shemeji," akajibu mama mdogo, kichwa chini. "Ya kwetu sote. Karibuni."

Wakili akanigeukia. "Umesikia? Kesi imekwisha. Kachukue minazi yako."

Nikacheka, mama mdogo akakasirika. "Sasa nimwambie mkubwa wangu usoni kuwa changu ni changu? Sikulelewa hivyo mimi."

"Mama, mgeni akija kwako mwambie vyote ni vyake. Liwali si mgeni. Karani wake ataandika hayo hayo unayosema. Haya, tena."

"Ya shemeji..."

"Tena."

Mpaka adhuhuri hatukufika popote.

Kesho yake tukaingia barazani. Wakili akaenda kukaa dukani ng'ambo ya barabara, asije akaambiwa anatukonyeza. Shemeji akaapa, mama mdogo akaapa. Liwali akauliza minazi ni ya nani. Mama mdogo akamgeukia shemeji yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Nikajua tumekwisha.

"Unisamehe," akasema. "Minazi ni yangu. Miche kaleta marehemu, sikatai. Mashimo nimechimba mimi, maji nimeteka mimi, mimi ndiye niliyeipanda."

Nilikuwa nimekamata ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Yale ya miche nani alimwuliza? Liwali akamtazama shemeji. "Ni kweli?"

 Yule mzee angeweza kukana, hapakuwa na shahidi mwingine aliye hai.

"Kupanda, alipanda," akasema. "Nimekwisha kuapa."

Liwali akakata shauri: ardhi ya ukoo, minazi ya mwanamke.

Tukatoka karibu kukimbia. Wakili alikuwa amesimama katikati ya barabara, na sisi tukamweleza kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake. Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza, "Na shemeji kasemaje?" Nikamwambia.

"Basi huyo ndiye aliyewapa minazi," akasema. "Msisahau."

Shemeji mwenyewe akatukuta pale pale. "Bwana wakili, na mimi nina shauri la mpaka kule Pande. Au wewe ni wa huyu peke yake?"

 Wakili akamtazama mama mdogo, kana kwamba ruhusa ni yake.

"Msikilize," akasema mama mdogo. "Mwenzio kasema kweli ikamgharimu."

Shauri lile la Pande sikumbuki liliishaje, wala sitaki kubuni. Nakumbuka wakili akikunja mikono ya shati, shemeji akianza kueleza, na sisi, lori la kumrudisha Lindi likipiga honi, tumekaa chini tunasikiliza.