Siku Mvua Ilipofunga Shule Doha

Enzi zetu hapa Doha, mvua ilikuwa mgeni. Ilipita mara chache kwa mwaka, na ikizidi, mitaa ya Al Mansoura iligeuka mabwawa kwa kuwa maji hayakuwa na pa kwenda. Watoto wa leo simu huwaambia hadi saa ya tone la kwanza. Sisi tulijua imefika kwa harufu ya vumbi lililolowa.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa nesi, Baba dereva wa basi la shule, wala si shule niliyosoma mimi. Aliondoka tukiwa tumelala, akarudi tukisinzia. Jumapili moja, ambayo huku ni siku ya shule, alikuwa tayari amevaa sare, funguo mkononi, simu ikalia. Bosi wake alimwambia barabara zimefurika, shule zote zimefungwa. Baba akakaa kwenye kochi na viatu vyake, hajui afanye nini. Kwao Limuru, alisema, mvua haikufunga shule hata siku moja; ulijifunika mfuko wa plastiki kichwani ukaenda.

Mama hakuwa na muda wa kushangaa. Mtu wa Kitui, kwao kwenye ukame, haachi mvua ipite bure. Maji ya bomba tulikuwa nayo usiku na mchana, lakini alitoa mabeseni, ndoo, hata sufuria ya pilau, akatutuma mimi na Baba tukakinge juu ya paa. Mlinzi wa jengo alituuliza kama maji yamekatika. Baba akacheka tu, akapanda ngazi.

Huko juu ikaanza mvua ya mawe. Theluji nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu, nikaamini ndiyo hii. Niliokota punje moja nikaila. Ilikuwa na mchanga.

Tukajibanza kando ya tangi, Baba akaanza kunisimulia watoto wa basi lake: yupi hutapika akikaa nyuma, yupi hapandi bila kushikwa mkono, yupi amepata mdogo wake juzi. Nilitaka kujua zaidi na zaidi, mpaka wivu ukanishika. Nikamwuliza, "Baba, na mimi niko darasa la ngapi?"

"La tatu."

"La tano, Baba."

Mawe yaliendelea kugonga mabeseni. Niliumia sana, na sasa nadhani yeye aliumia zaidi. Kisha akasema, "Twende chini. Nionyeshe madaftari yako, yote."

Tulikaa sakafuni hadi jioni. Alisoma kila ukurasa, akauliza rafiki yangu ni nani na kwa nini mwalimu aliandika kwamba nina mdomo. Mama naye alishusha maji yake yakiwa ya kahawia kwa vumbi, akakataa katakata kuyamwaga, akafulia zulia. Likazidi kuchafuka, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kesho yake shule zikafunguliwa, Baba akarudi kwa watoto wa watu.

Siku hizi mvua ikizidi, masomo huhamia kwenye kompyuta hata kabla ya chai. Wanangu wawili hujifungia kila mmoja chumbani kwake, nami hubaki sebuleni na kazi za ofisi. Maskini, hawaijui raha ya kuambiwa leo hakuna shule. Ndiyo maana wingu likitanda mimi huzima mtandao wa nyumba, nikawaambia mvua imeukata, kisha nikakaa kusubiri milango ifunguke.