Jibu la Dahabo Kuhusu Maziwa

Sisi tuliosoma Balambala, wilayani Garissa, miaka ya tisini, Kiingereza tulimezeshwa kwa bakora. Msinisimulie habari za walimu wa siku hizi wanaoimba na watoto. Misemo ya Wazungu tulikariri kumi kila siku, vumbi mdomoni, tumboni uji mwepesi. Eti mvua ya paka na mbwa! Sisi ambao mvua yenyewe tuliiomba kwa dua.

Dawati moja nilikaa na Dahabo, binti wa shangazi yangu. Kwa mafumbo ya Kisomali hakuna aliyemweza. Jioni tukikamua mbuzi, ayeeyo, bibi yetu, alitega kitendawili na Dahabo akakitegua kabla sijafungua mdomo. Lakini baba yake alishakata shauri: akianguka mtihani wa majaribio wa darasa la nane, shule basi, arudi machungani.

Mtihani ukaja. Tukaulizwa maana ya msemo wao kwamba hakuna haja ya kulilia maziwa yaliyomwagika. Nikaandika nilichokariri, kwamba yaliyopita yamepita. Dahabo akaandika kwamba msemo huo si kweli. Mwaka wa ukame chombo cha maziwa kilipinduka kwao, mdogo wake mchanga akakosa cha kunywa, akafa, na nyumba nzima ililia.

Mwalimu wetu alitoka Kenya, ndivyo tulivyoita kule ng'ambo ya mto Tana, ingawa nasi tulikuwa Kenya hiyo hiyo. Alilisoma jibu lile mbele ya darasa huku akicheka, nasi tukacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliyekuwepo mtoto yule alipozikwa. Akamwamuru Dahabo asimame ajisahihishe.

“Mwalimu, kwetu tunalia,” Dahabo akasema.

Alichapwa mpaka bakora ikavunjika. Swali lile lilikuwa la alama mbili, na kwa alama mbili akaanguka. Ijumaa hiyo baba yake alikuja kumchukua, na mwalimu akaendelea na somo lake. Wallahi, hasira ile haijanitoka.

Wanangu leo Kiingereza kinawatoka puani. Ukiwatajia methali ya ayeeyo wanaguna, mama, hizo ni za kitambo. Maziwa ya pakiti wanayaacha mpaka yanachacha, kisha wanayamwaga wala hawatazami nyuma. Nawagombeza, lakini si wao ninaowakasirikia.

Mimi nilipita. Nikaenda sekondari Garissa mjini, na mpaka leo watu huniita msomi. Swali lile nililipata. Aliyelielewa alikuwa Dahabo.