Bamba Moja la Shaba

Wasomaji wangu, wiki jana tulimzika mchoraji wetu wa mtaa wa Kasungami, yule aliyechora kwa sindano juu ya shaba. Habari niliipata kwenye foleni ya unga. Mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akasema tu, "Ule muzee wa mapicha, njo amekufa," kisha akasogea na beseni lake. Nikabaki nimesimama, watu wakinipita.

Shaba ya mji huu tunaiona ikipita kwenye mabehewa, ikienda mbali. Yeye alikuwa na bamba moja tu, kubwa kama dirisha la jikoni. Alilipaka nta, akakwaruza picha, akalitia asidi mpaka mistari ikaliwa, ndipo akapaka wino na kugandamiza karatasi. Picha zake zote zilimhusu mwanamke mmoja wa Lukafu, wa zamani sana, ambaye nyanya yake mchoraji, alipokuwa msichana, alimbebea udongo. Mama yule alipaka kibambazi, yaani ukuta wa nyumba yake, kwa udongo mwekundu na mweupe: ndege, mihogo, wanawake wanaocheka. Leo hakuna hata alama yake.

Siku moja nilimkuta mzee akiikwangua kwenye bamba picha niliyoipenda kuliko zote, ile ya mama amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili afikie paa. Nilipiga kelele.

"Papa! Unaharibu!"

"Weye unazania ule mama alikuwa na bibambazi ngapi? Kibambazi moya. Mvua inafuta, kiangazi anaanza tena."

"Lakini weye hauko mvua, papa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi leo niko mvua."

Mkewe alikuwa pembeni, akisubiri zamu yake ya kulisugua bamba kwa makaa na maji. Hata hivyo shaba haisahau upesi: ukiinamia picha mpya, unaona mistari hafifu ya ile ya jana, kinu kikichungulia chini ya ndege.

Kwenye kilio, ndugu wa marehemu walikuja kuchukua vitu, kama desturi ilivyo. Mjane alikaa kwenye mkeka akiwatazama mpaka shemeji yake mkubwa alipolinyanyua bamba. Lilikuwa bado na picha ya mwisho: mama amenyoosha mkono, ukuta mtupu mbele yake.

"Iyi tutatundika kwa salon, bageni baone. Njo kumbukumbu ya ndeko yetu," akasema juu ya ndugu yake marehemu.

Wote tuliitikia, hata mimi.

"Redio mubebe," mjane akasema, akaonyesha na baiskeli na viti. "Kinga mubebe, na biti. Ile mukuba muniachie." Akaligusa bamba la shaba.

"Citoyenne, weye unajua kuchora?" shemeji akamuuliza.

"Nitajua. Mukitundika, nayo itakufa."

Shemeji aliitazama mikono ya mjane, yenye weusi wa makaa usiotoka kwa sabuni. Akamwekea bamba mapajani, polepole, kama mtu anayerudisha mtoto. "Basi, mama. Lakini picha ya kwanza iko yangu!" Watu wakacheka, kilioni pale pale.

Sisi tunapenda kutundika. Kila sebule ina picha ukutani ambayo hakuna anayeitazama tena. Jumapili nilipita Kasungami, na kabla sijafika uani nilisikia makaa yakisugua shaba. Picha ya mwisho ilikuwa inaondoka. Moyo uliniuma, nakiri, kisha nikaelewa kwamba marehemu anayependwa huachiwa kazi yake iendelee kuchafua mikono ya watu. Nikachukua ndoo, nikamwagia maji pale mjane aliponionyesha.