Mkwe Juu ya Handaki

Mwaka niliomaliza shule ya misheni nilipewa ukarani katika boma dogo la Wajerumani, juu kidogo ya kijiji cha Lyulilo, kando ya ziwa. Chini ya boma kulikuwa na handaki la kuwekea baruti. Wafungwa waliolichimba walifia humo, na tangu hapo watu walisema abasyuka, yaani wafu wenyewe, huitana chini ya ardhi. Mimi nilifundishwa kwamba wafu hawaiti. Hata hivyo nilipita mbali kila nilipokwenda ziwani, kisha nikajilaumu kwa kupita mbali.

Siku moja jioni handaki lilibomoka, na ndani alikuwamo mzee mmoja wa jirani aliyekamatwa kwa lazima asimike nguzo. Askari walichungulia, wakasema amekufa, wakaziba mlango kwa miiba. Yeyote ambaye angesogea angechapwa viboko.

Asubuhi yake mke wa mtoto wa yule mzee alitoka ziwani na mtungi kichwani, akapita karibu na tundu la hewa la handaki. Ghafla mtungi ukaanguka. Akajifunika uso kwa kaniki, akakimbilia migombani ameinama.

"Abasyuka!" wakapiga kelele wachuuzi wa vyungu waliokuwa wakipita. Mmoja akanigeukia. "Karani, shuka ukawasomee kitabu chako!"

Wakacheka. Mimi nikaanza kuwaza. Anayekimbia mzimu hupiga yowe, hainami. Mama yangu aliinama vile, uso umefunikwa, kwa mtu mmoja tu: baba mkwe wake, ambaye kwetu mwanamke haonani wala hasemezani naye, wala hataji jina lake. Basi huyu naye amemsikia mkwewe. Basi yu hai. Na kama nimekosea? Nitachapwa, na misheni watasema karani wao anaamini mizimu. Niliwaza hivyo mpaka jua likapanda, na mzee yuko chini.

Mwishowe nikaenda, nikalala kifudifudi kwenye tundu, nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nilipoinua kichwa nikamwona yule mwanamke nyuma ya mgomba, akilia kwa kwikwi.

"Dada, nenda mbali. Mbali kabisa, usisikike."

Akakimbia.

"Ameondoka?" sauti kavu ikauliza kutoka chini.

"Ameondoka, baba."

"Asubuhi niliita bila kujua ni yeye. Usimwambie mtu."

Nikawaita wachuuzi. Yule aliyenitania ndiye aliyefika wa kwanza na jembe. Askari alipotokea na kiboko chake, tulikuwa tumeshaona vidole vya mzee.